Siku ya Sindano, Siku ya Cherehani

Mtaa mzima wa kota za reli ulimwita Tarumbeta, na mtu pekee aliyedhani jina hilo ni utani alikuwa mume wake. Alidhani wamempachika kwa kejeli, kama vile bonge la mtu linavyoitwa Sindano na mwenye kipara anavyoitwa Misuko. Kwani mke aliyemjua yeye alikuwa mwanamke wa kunong'ona. Alimfungulia mlango kwa kunong'ona, akamwekea chai kwa kunong'ona, na hata chafya ikimjia aliipigia ndani ya mtandio, taratibu, kama mtu anayemeza ushahidi.

Ukweli ni kwamba sauti ya mwanamke huyo, akiiachia, ilifika sokoni kabla ya miguu yake. Alikuwa fundi cherehani. Wateja walikuja kushonewa, lakini wengi walikuja kumsikiliza, wakakaa na nguo zilizokwisha kushonwa mapajani mpaka jua linageuka. Harusi ambayo hakualikwa aliisimulia vizuri kuliko walioalikwa, na akicheka, kuku wa jirani walihama upande wa pili wa uwanja. Mumewe hakuwahi kuyasikia hayo hata siku moja. Jinsi mtu anavyoweza kuishi na tarumbeta ndani ya nyumba, akazaa nalo watoto na kuwaoza, na asilisikie, hilo lina mkosaji wake, na mkosaji ni treni.

Ilikuwa treni ya abiria ya mkoani, si ile ya fahari ya kwenda nchi za watu. Iliondoka mjini jioni, ikajikongoja hadi asubuhi ikafika mwisho wa reli, ikapumzika mchana, jioni ikageuza. Siku ya kuzinduliwa, mheshimiwa mmoja alikata utepe, akapanda behewa la kwanza mbele ya wapiga picha, akapunga mkono dirishani, kisha akashukia mlango wa upande wa pili na kuondoka kwa gari lake. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza na ya mwisho ndani ya treni ile, na pengine alijua alitendalo. Waliobaki ndani waliipenda. Waliiita Bi Harusi, kwa sababu ilichelewa kila siku na bado watu walivaa vizuri kuisubiri. Ilikuwa na behewa la chakula, daraja la pili lenye viti vya sponji, na daraja la tatu lenye viti vya mbao, magunia, kuku, na mazungumzo matamu kuliko yote.

Kisha barabara ikatiwa lami, mabasi yakaja na mapazia na muziki, na wakubwa wa reli wakaanza kuishughulikia Bi Harusi kama watu wanavyomshughulikia mgonjwa waliyekwisha kugawana urithi wake. Kwanza liliondolewa behewa la chakula, ili abiria wale kwao. Halafu daraja la pili likafutwa kwa gharama ya kopo moja la rangi: walipaka namba tatu juu ya namba mbili. Mabehewa yakapungua kama meno ya kikongwe. Mwishowe likabandikwa tangazo ukutani pale stesheni, kwamba huduma imesitishwa kwa muda ili kuboreshwa. Imeboreshwa mpaka leo haionekani.

Mume wa Tarumbeta alikuwa gadi wa treni hiyo, yaani yule mtu wa behewa la mkiani mwenye filimbi na bendera mbili, ambaye dereva haondoki mpaka aruhusiwe naye. Kwa hiyo siku moja alikuwa njiani, siku moja alikuwa nyumbani. Na akiwa nyumbani alilala. Alifika asubuhi macho yamemwiva, akanywa chai, akaanguka kitandani. Alasiri akaamka, akaoga, akala, akavaa sare, akatoka. Likizo? Likizo alikwenda kwao kumlimia mama yake. Ukiichuja ndoa yao yote, saa ambazo mume huyu alikuwa ndani ya nyumba, macho wazi na tumbo halina haraka, zingetosha labda kwa msiba mmoja na nusu ya harusi.

Mama wa gadi mwenyewe alikuwa mjane wa mtu wa reli, na siku alipomkaribisha bibi harusi wa mwanawe alimkalisha chini na kumpa sheria.

"Mwanangu," alimwambia, "mume wa reli akilala, hata jogoo avue viatu."

"Na akiamka, mama?"

"Akiamka kichwa chake bado kimelala. Nong'ona mpaka atoke."

Akampa vitambaa viwili, chekundu na cha kijani. Hayo yalikuwa mapokeo ya kota zote. Chekundu kikining'inia mlangoni, watu walijua mwenye nyumba yupo na amelala, wakapita kwa ncha za vidole. Cha kijani kikining'inia, ruksa, hata ngoma pigeni. Muuza mkaa, aliyekuwa akiamsha wafu mitaa mingine, akifika mbele ya kitambaa chekundu aliuza mkaa wake kwa kuonyesha viganja tu. Watoto wa Tarumbeta walijifunza kunong'ona kabla ya kutambaa. Mmoja wao leo ni mkutubi, na hakuna aliyeshangaa.

Na Tarumbeta akaipanga kazi yake humohumo. Siku ya kitambaa cha kijani ilikuwa siku ya cherehani: mashine ya miguu ikinguruma pale dirishani sebuleni, marinda yakitiririka, wateja wamejaa, mdomo na kanyagio vikienda pamoja. Siku ya kitambaa chekundu ilikuwa siku ya sindano: mashine ikafunikwa kitambaa cha maua, na yeye akakaa kibarazani kimya kushona vifungo, pindo na kola kwa mkono. Wateja walizijua siku. Aliyetaka nguo alikuja siku yoyote; aliyetaka nguo na habari alikuja siku ya cherehani.

Jambo moja lilimfanya aonewe wivu na wanawake wote wa kota. Mumewe hakuwahi kumkatalia neno. Alasiri, akimwekea chakula, alimwinamia na kumnong'oneza, "Baba, nataka tupake ukuta huu rangi ya manjano." Gadi akaitikia kwa kichwa. "Baba, mdogo wangu amekosa kazi kule alikokuwa, naomba aje akae nasi kidogo." Gadi akaitikia kwa kichwa. Mdogo mtu akaja, na hicho kidogo kikafika mwaka wa tatu.

"Wako si mume, ni malaika," alisema jirani yake, mke wa dereva wa treni ileile. "Wangu hata chumvi anaijadili."

"Ni malezi, shoga," Tarumbeta alijibu siku ya kijani, kwa sauti ambayo muuza mkaa aliipata akiwa kona ya pili. "Mwanaume ukimpa ukimya, anakupa ndiyo."

Na si ndiyo peke yake. Kila safari alirudi na kichupa cha asali kutoka kule mwisho wa reli, akamwekea mkononi na kumwambia, "Tumia, itakusaidia." Tarumbeta alikuwa na kabati zima la mapenzi ya vichupa. Majirani waliipaka kwenye mikate.

Basi Bi Harusi ikasitishwa kwa muda. Dereva akahamishiwa treni ya mizigo, maana saruji haina tabia ya kulalamika. Lakini treni ya mizigo haikumtaka gadi. Ilikuwa na taa fulani mkiani iliyofanya kazi yake bila kunywa chai. Asubuhi ya mwisho alirudi nyumbani kama kawaida, akalala kama kawaida. Alasiri akaamka, akaoga, akala, akavaa sare mpaka kofia, akafika mlangoni, akasimama. Kisha akarudi, akavuta kiti, akakaa karibu na dirisha la sebuleni. Tarumbeta alimtazama kutoka kibarazani, sindano mkononi, akasubiri atoke ili abadilishe kitambaa. Hakutoka. Wala kesho yake. Wala kesho kutwa.

Hapo ndipo sheria ya mama mkwe ilipoingia matatani. Gadi alikuwa hayuko safarini, na alikuwa hajalala. Alikaa tu, mara ametazama nje, mara amefumba macho, mikono juu ya magoti, mtu aliyevuliwa kazi na hajajua avae nini. Wanawake wakakutana kwenye bomba la maji kulijadili jambo hilo kwa uzito uliostahili.

"Sheria inasema akiwa nyumbani, au akilala?" aliuliza mke wa dereva.

"Akilala," Tarumbeta alisema.

"Basi hajalala. Tundika kijani."

"Lakini anafumba macho."

"Hata wangu anafumba macho nikitaja karo. Hiyo si kulala."

"Na sheria inasema nong'ona mpaka atoke. Sasa hatoki."

Aliyetunga sheria alikuwa amekwisha kufariki, na kama ilivyo kwa sheria nyingi za wafu, hakukuwa na aliyejua ni mlango gani unagongwa kuibadilisha. Kitambaa chekundu kikaendelea kuning'inia. Kila siku ikawa siku ya sindano.

Mwanzoni Tarumbeta alijikaza kisabuni. Lakini alikuwa amepokea kazi kubwa: sare za shule iliyo mwisho wa mtaa, mabunda ya kitambaa cha buluu na cheupe yaliyopangwa mpaka usawa wa dirisha, sketi za marinda, mashati, kaptula. Kazi ya namna hiyo kwa cherehani ni raha. Kwa sindano ni adhabu ambayo hata jela hawaitoi. Shati moja lilimla asubuhi nzima. Vidole vilivimba. Wateja wa maneno walikuja, wakakuta kimya, wakaketi kidogo kwa adabu kama watu waliokuja kutoa pole, kisha wakakumbuka kwamba sokoni yupo Fundi Mitindo, kijana mwenye cherehani ya umeme na redio. Mmoja baada ya mwingine, walikwenda. Na habari zilirundikana kifuani mwa Tarumbeta bila kusimuliwa. Kulikuwa na posa mbili zilizovunjika na mchungaji aliyenunua pikipiki, na yote hayo yakawa yanamchacha ndani kama unga uliosahauliwa.

Ndipo kwa mara ya kwanza katika ndoa yake akamwomba mumewe kitu. Miaka yote hiyo alikuwa hajamwomba afanye jambo. Alimwomba ruhusa tu. Na ruhusa ni rahisi, kichwa kinatosha. Sasa alimwinamia sikioni.

"Baba," alinong'ona, "ungetoka kidogo ukazunguke, nami nipige mashine."

Gadi akaitikia kwa kichwa. Asitoke.

Kesho yake akamnong'oneza tena. "Baba, basi sogea tu uende chumbani, hapa nipate nafasi."

Gadi akaitikia kwa upole, hata na tabasamu juu yake. Asisogee.

Siku iliyofuata alimwomba amchotee maji. Akaitikia. Maji yakabaki bombani.

Tarumbeta alirudi kibarazani roho imemwuma. Angemkatalia, angejua la kufanya. Mwanamke akikataliwa ana njia zake. Lakini kuitikiwa na kupuuzwa, tena na malaika, lilikuwa jambo jipya. Akamwendea mke wa dereva.

"Amebadilika," alisema. "Ananikubalia kwa kichwa na kunikatalia kwa makalio."

"Anaomboleza, mwache. Wanaume wa reli treni ni mke mkubwa. Wewe ulikuwa wa pili siku zote."

"Sasa mke mkubwa keshakufa, mbona ananiadhibu mimi?"

"Mwambie basi."

"Nimwambieje? Nimpigie kelele? Mtu amekaa na mwanamke mpole maisha yake yote, leo afiwe na treni, na hapohapo agundue kwamba ameoa spika? Atanikimbia."

Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yake, na haikuwa hofu ya mchezo. Kuna wanawake wanaoficha umri, na wengine madeni. Yeye alikuwa ameficha sauti, nayo haikunjiki ikaingia chini ya godoro. Kama gadi alimpenda, alimpenda yule wa kunong'ona. Huyu mwingine alikuwa hajawahi kutambulishwa.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wahenga hawakusema mshindo utakuja saa ngapi. Ulikuja saa za asubuhi, mwalimu mkuu wa shule alipopita kuangalia sare zake.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mwenye miwani na haraka. Aliona kitambaa chekundu, akavua viatu, akaingia sebuleni kwa vidole. Akampungia mkono gadi aliyekaa dirishani. Gadi akaitikia kwa kichwa. Kisha mwalimu akayatazama mabunda.

"Mama," alinong'ona, "mbona hayajapungua?"

"Yanapungua polepole," Tarumbeta alinong'ona.

"Shule inakaribia kufunguliwa. Watoto wangu watavaa nini, polepole?"

"Nipe wiki moja."

"Nimekupa mbili. Nasikitika, mama, mimi nawe tumetoka mbali. Lakini Fundi Mitindo ameniambia ataweza."

Na bila kelele, kwa adabu yote ya kitambaa chekundu, mwalimu mkuu akaanza kubeba mabunda. Bunda la kwanza akalikumbatia. La pili akalining'iniza begani. Wizi wenyewe haufanywi kwa utulivu kama ule. Tarumbeta akamgeukia mumewe, akamnong'oneza kwa haraka, machozi yakimlenga, "Baba, nakuomba, sogea, wananinyang'anya kazi." Gadi akamtazama kwa huruma nyingi. Akaitikia kwa kichwa. Akabaki palepale.

"Wewe mwanamume!"

Sauti ilitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Vikombe viliitikia kabatini. Nje muuza mkaa aliachia gunia.

"Nimekuomba utoke, umeitikia. Nimekuomba usogee, umeitikia. Nimekuomba ndoo moja ya maji, umeitikia, na ndoo iko pale inanicheka. Unatikisa kichwa kama mjusi, na afadhali mjusi, yeye akishatikisa anakimbia. Treni imekufa, najua, nimeilia. Lakini mimi sijafa, na cherehani yangu haijafa, na watoto wa watu hawawezi kwenda shule wamevaa kichwa chako."

Mke wa dereva alisimama mlangoni kwake ameshika mwiko, akisubiri kusikia ndoa inavyovunjika. Mwalimu mkuu alikuwa amekumbatia bunda kama mtu aliyekamatwa nalo. Tarumbeta mwenyewe alijishika mdomo, amechelewa.

Gadi alikuwa amemtumbulia macho. Polepole uso ukamfunguka.

"Kumbe umepona," alisema.

"Nimepona nini?"

"Koo."

"Koo gani?"

"Si hilo lililokukauka tangu tuoane. Nimekuletea asali chupa kwa chupa, nikasema basi, ndivyo alivyoumbwa. Mshukuru Mungu. Ongea, mama, usiache, lisije likajifunga tena."

Tarumbeta alikaa juu ya bunda. "Asali ile ilikuwa ya koo?"

"Sasa ya nini?"

"Nilidhani ya mapenzi."

"Ndiyo, ya mapenzi. Mapenzi ya mtu mwenye koo bovu."

Mwalimu mkuu alicheka kidogo, akajizuia, akakumbuka kwamba hakuna tena aliyelala, akacheka vizuri.

"Ngoja," Tarumbeta alisema. "Mimi nikikunong'oneza, ulikuwa unasikia nini?"

"Ssss, ssss. Kama breki za upepo."

"Na ulikuwa unaitikia nini?"

Gadi alikunja mikono. Alikuwa ameishi behewa la mkiani, chuma kikigonga chuma, filimbi ikimlilia sikioni, na wenzake kazini walizungumza kwa kupiga mayowe, kwa hiyo hakujua kama masikio yake yana kasoro. Alijua tu kwamba kazini watu husikika na nyumbani hawasikiki, na kota nzima, kila alipopita, watu walichezesha midomo tu kwa heshima. Alikuwa amehitimisha kwamba ameoa katika mtaa wa wastaarabu.

"Mke wangu mgonjwa wa koo," alisema, "anajikakamua aniambie jambo, halafu mimi nimwambie rudia? Ningekuwa mnyama. Nikawa naitikia. Nikasema mwanamke huyu hana neno baya."

Hasira ilikuwa ikimtoka Tarumbeta na kicheko kikiingia, vikasongamana mlangoni. Kisha akasimama, akalishika bunda kifuani mwa mwalimu mkuu, akalivuta.

"Rudisha hapo. Sare zako utazipata."

Akaivua mashine kitambaa chake cha maua, akakaa, akaliweka rinda la kwanza chini ya sindano, akakanyaga. Chumba kikajaa mngurumo. Gadi akaruka kitini.

"Kumbe nzima?"

"Nani?"

"Hiyo mashine. Siku zote nakuona umeifunika, unashona kwa mkono, nikajua imekufa. Nilipanga kiinua mgongo kikitoka nikununulie nyingine." Akainama kuisikiliza, sikio karibu na gurudumu. "Inalia. Hiyo inataka mafuta."

Hivyo ndivyo Tarumbeta alivyompata mume, na hapohapo alivyompoteza yule malaika. Maana mtu akianza kusikia hasikii nusu. Mchana huohuo gadi, baada ya kutia mafuta kila tundu la mashine, alisimama katikati ya sebule na kuuangalia ukuta.

"Nani aliuchafua ukuta huu?"

"Haujachafuka, umepakwa manjano. Ulikubali mwenyewe."

"Mimi? Manjano? Rangi ya homa?"

"Ulitikisa kichwa."

"Nilikuwa nakupa pole."

Mdogo wake Tarumbeta akaingia kutoka matembezini, akakuta watu wanapaza sauti ndani ya nyumba ya gadi, akarudi nyuma hatua moja kuhakikisha hajakosea mlango.

"Shikamoo, shemeji," alinong'ona kwa mazoea.

"Mwambie kwa sauti," Tarumbeta alisema huku akikanyaga.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," gadi alijibu, kisha akamgeukia mkewe. "Kumbe huyu ni shemeji?"

"Ulidhani nani?"

"Mteja. Nilidhani anasubiri suruali."

"Miaka mitatu?"

"Niliona kweli umemchelewesha. Nikasema mke wangu fundi mzembe, lakini nisimvunje moyo."

Jioni ile kitambaa cha kijani kilitundikwa, ingawa hakikuhitajika; habari ilikwisha kufika mpaka stesheni. Wanawake walimjia Tarumbeta kumpa pole kwa kumpoteza mume wa ndiyo. Aliwapokea huku mashine inakimbia, akawasimulia kisa chote pamoja na zile posa mbili na pikipiki ya mchungaji, na walipoondoka walikuwa wanafuta machozi ya kicheko. Kesho yake walirudi na vitambaa vya kushonwa. Fundi Mitindo aliongeza sauti ya redio yake, lakini redio haina majibu.

Siku zilizofuata zilikuwa za kazi na ubishi. Shemeji mtu, sasa anajulikana ni nani, alipewa ndoo na kuambiwa bomba liko wapi. Tarumbeta alishona, gadi alikaa akikunja mashati na kuyapanga kwa ukubwa, na alichokikunja alikuwa na maoni juu yake. Marinda ni mengi mno. Vifungo vikae karibu zaidi. Alipotumwa uzi alisema haendi, jua kali, na Tarumbeta alisimamisha mashine kabisa ili alisikie vizuri neno hilo, maana lilikuwa geni masikioni mwake. Wakabishana mpaka jua likapoa, ndipo akaenda. Akarudi na uzi wa buluu iliyoiva kuliko kitambaa, akashikilia kwamba ni uleule. Tarumbeta akamwambia masikio yameanza kupona, sasa ameanza kuumwa macho. Akamrudisha dukani. Njia nzima gadi alilalamika kwa sauti ya mtu wa treni, na mtaa ukagundua kwamba naye, akiachiwa, hahitaji filimbi.

"Shoga, unaridhika kweli?" mke wa dereva alimwuliza. "Mtu anakupinga kuanzia chai."

"Yule wa zamani nilikuwa namheshimu," Tarumbeta alisema, akikata uzi kwa meno. "Huyu nikitoka nyumbani, natamani kurudi nimalizie."

Mwalimu mkuu alikuja kabla ya shule kufunguliwa. Safari hii aliingia na viatu vyake. Mabunda yalikuwa tayari, yamefungwa kwa kamba, buluu chini, nyeupe juu, na gadi amesimama kando yake kana kwamba yeye ndiye aliyeyashona. Mwalimu mkuu alikagua shati moja, akakagua sketi, akaridhika. Alipokuwa akisubiri shemeji ayabebe, akampazia sauti gadi kama watu wote walivyokuwa wamejifunza.

"Mzee, treni huikumbuki?"

"Naikumbuka," gadi alisema. "Lakini treni, mwalimu, haina mazungumzo. Inapiga kelele yake, wewe unapiga filimbi yako, mnaachana. Huyu wa humu ndani ndiyo kwanza nimemwoa. Mkali. Ana maneno kuliko stesheni nzima."

"Nakusikia," Tarumbeta alipaza sauti kutoka kwenye mashine. "Na ukuta unabaki manjano."

"Na mimi nakusikia," gadi akajibu. "Ndiyo maana sikubali."